Antena Zilizokipa Kilima Mgongo

Umeangalia kando. Usikatae. Redio iliposema Masisi ulipunguza sauti. Iliposema Walikale uliuliza ni wapi, kisha hukungoja jibu. Wala hauko peke yako. Sisi wenyewe wa Mweso tulikuwa hodari wa kazi hiyo. Tulijenga mji mzima ukiangalia kando.

Ukifika kwa barabara ya Kitshanga, tazama nyumba zetu. Kilima cha Gashunzo kimetusimamia upande wa machweo, lakini hakuna dirisha linalokitazama. Milango yote inakipa mgongo. Kila vita ilitushukia kutoka kule: ya tisini na tatu, ya tisini na sita, na hizi zilizofuata ambazo watoto hawafundishwi shuleni kwa kuwa bado hazijaisha. Katika ile ya tisini na sita mzee Karangwa alisimamisha chuma kirefu juu ya nyumba yake ili apate redio vizuri, na ncha yake ikaelekea Gashunzo. Wenye bunduki wakasema huyu anapiga motorola, simu ya upepo ya askari, anaita adui zetu. Wakachoma nyumba. Karangwa hakutoka. Tangu siku hiyo ikawa desturi, tena desturi isiyohitaji kufundishwa: chuma hakiangalii Gashunzo. Hata masufuria tuliyaanika upande wa pili.

Basi ushirika wa redio ya jamii ulipopata mtambo mdogo wa kurushia televisheni ya dijitali, waliusimamisha wapi? Juu ya Gashunzo, mahali panapoonekana bonde lote. Na sisi wenye dekoda tukaelekeza antena wapi? Goma. Chumvi inatoka Goma, sabuni inatoka Goma, askari na ahadi vinatoka Goma, tukadhani na picha pia.

Televisheni ya zamani ilikuwa na huruma. Ilikuonyesha mtu akiwa kama ndani ya mvua, lakini ulimjua ni nani. Hii ya sasa inakupa picha nzima ao inakunyima. Kwetu ilikatika vipande vya mraba, kama shamba lililogawiwa warithi wengi. Pua ya mtangazaji huku, mdomo kule, sauti ikimeza maneno. Tukasema mtambo ni mbovu. Tukasema wametuletea uchafu kama kawaida yao.

Lakini Dancille hakuweza kusema hivyo na kwenda kulala. Dancille ni mkulima, wazazi wake na wazazi wao walilima viazi na maharagwe kwenye milima ile ile ya Masisi, hadi siku ya mabomu walipokimbia wote kwa pamoja. Barabarani umati ulipasuka mara mbili. Alifika Mweso na watoto wake wadogo wawili. Niyigena, binti yake mkubwa, hakufika.

Sasa, kila Jumapili saa kumi alasiri, kituo kile cha Gashunzo kilionyesha nyuso za watoto waliookotwa njiani na kuhifadhiwa Goma. Redio ilisoma majina tu, na majina hayatoshi. Mara moja ilisoma "Niyigena wa Masisi." Dancille akauza mbuzi, akapita vizuizi vyote hadi Goma, akaletewa msichana ambaye hakuwa wake. Yule mtoto alimkimbilia hata hivyo, akamshika kiuno. Ilibidi watu wawatenganishe. Aliporudi Mweso alikuta kitindamimba wake yuko taabani kwa kuhara, ameachiwa majirani. Akaapa hataondoka tena kwa ajili ya jina. Sura kwanza. Niyigena ana nyusi ya kushoto iliyokatika katikati, tangu alipoangukia jiwe la kusagia mtama. Nyusi haisomwi redioni.

Kwa hiyo kila Jumapili alikuwa wa kwanza dukani kwa Katembo. Katembo ni mfanyabiashara wa Butembo, mwenye duka, lori la Fuso na televisheni kubwa kuliko zote mjini. Dancille alikaa mbele kabisa, kwenye gunia la chumvi, akitazama miraba.

Jumapili moja upepo wa mvua ukapiga paa. Na ghafla, picha ikatulia. Si kidogo: hata kifungo kilichokatika kwenye shati la mtangazaji tulikiona. Mtoto wa kwanza akapita, mvulana mwenye meno makubwa. Wa pili akapita. Mtangazaji akasema, "Na huyu anayefuata," na bega la msichana likaanza kuingia kwenye kioo, na picha ikavunjika. Miraba. Sauti ikasema "yi," ikasema "na," ikafa.

Dancille alitoka nje mbio, sisi nyuma yake. Katembo alikuwa juu ya paa, ameikumbatia antena.

"Papa Katembo, unafanya nini kule?"

"Upepo iligeuza antene kwa Gashunzo! Munataka wachome duka?"

"Rudisha!"

"Nimekwisha kurudisha, Mama. Tulia."

"Rudisha vile upepo iliweka!"

Katembo akashuka polepole, mikono imejaa kutu. Mke wake, Kasoki, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani. "Baba," akamwambia, "ule mutoto alikuwa anaonekana."

"Na Karangwa naye alionekana," Katembo akajibu. "Alionekana kutoka kule juu."

Damascène, muuza kasiksi, pombe ya ndizi, ambaye hajawahi kukosa neno hata matangani, akacheka. "Mama Niyigena, Mungu amekupa televizyo ya upepo. Omba upepo ingine!"

"Nyamaza, weye kibuyu," Kasoki akamwambia.

Dancille hakucheka wala hakukasirika. "Papa, geuza tu. Nikishaona, unarudisha."

"Mama, weye ukikimbia unabeba mutoto mugongoni. Miye nitabeba friji?"

"Mutoto njo sikubeba, Papa. Njo maana niko hapa."

Katembo akafuta kutu mikononi. Mvua ikaanza, na hakuna aliyeingia ndani.

Kesho yake redio ikatangaza: kundi lile la watoto litaonyeshwa Jumapili moja tu iliyobaki. Baada ya hapo, wasiotambuliwa watapelekwa kwa familia za kuwapokea, mbali, upande wa Kisangani. Uliza mwenye kujua barabara ile. Mtoto akishavuka Walikale na Lubutu, jina lake litaenda naye, na mama yake atabaki na nyusi kichwani.

Wiki ile Dancille alizunguka mji akitazama mapaa. Hakuomba mtu kitu. Alitazama tu, barabara kwa barabara, na watu wakaanza kunong'ona kwamba huzuni imempanda kichwani. Jumamosi ikafika, siku ya salongo, tunapotoka wote na majembe kwa kazi za mji. Marcellin, shefu wa avenue yetu, kiongozi wa mtaa, alikuwa ameshapuliza filimbi na kugawa watu kwenye mifereji, Dancille alipopanda juu ya rundo la mawe.

"Papa Marcellin, leo tuache mufereji."

"Salongo ni mufereji, Mama."

"Mufereji haihamishwe Kisangani."

Watu wakaguna. Akaendelea, na sauti yake haikuwa kubwa, ilibidi tusogee. "Mimi nimeangalia nyumba zenu zote. Kila antene iko na shingo ya kuogopa. Karangwa walimuchoma kwa sababu gani? Alikuwa peke yake. Antene moja ikiangalia kilima, muntu wa bunduki anasema, huyu ni musaliti. Zote zikiangalia, atasema nini? Atasema, mji inaangalia televizyo."

"Ao atasema mji muzima ni musaliti!" Damascène akapaza sauti.

"Basi achome mji muzima," akajibu Dancille. "Kama vile hawakuchomaka bila antene."

Hapo nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia Mweso tangu tisini na tatu. Watu wakacheka, lakini kicheko cha kukumbuka. Maana ni kweli. Tulikipa kilima mgongo miaka yote ile, na bado walikuja, na walituchoma migongo.

Katembo alikuwa ameegemea jembe. "Nani anaanza?" akauliza. "Miye sianze."

"Hakuna wa kuanza, Papa. Wote wanapanda. Papa Marcellin anapuliza, wote wanageuza."

Marcellin alitazama filimbi yake kana kwamba imekuwa nzito. Alitutazama sisi. Alitazama Gashunzo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza nimemwona mkubwa yeyote wa mji ule akikitazama kilima kile uso kwa uso mchana kweupe. "Muende kwenu," akasema. "Mupande. Musiguse kitu mupaka nipulize."

Archange, anayetengeneza simu na redio sokoni, akapita akipiga kelele chini ya nyumba: "Ile ya kule juu vijiti vyake vimesimama! Na zenu zisilale, zisimame! Mukizilaza, picha inapita juu yenu!" Wengine walikuwa wamefunga antena ndani ya migomba, akawatoa. Wengine walikuwa wamezikunja kuelekea mawinguni kama sahani za satelaiti, akawatukana kidogo.

Ungeona. Wanawake juu ya mapaa, vitenge vimefungwa kiunoni. Wazee wakishikwa miguu na wajukuu. Katembo wa Butembo juu ya duka lake na mkulima mkimbizi kando yake, maana Dancille hana paa, ana turubai, akaomba la Katembo.

Filimbi ikalia. Mweso yote ikageuka.

Kisha tukangoja. Mikono kwenye vyuma, nyuso kwa Gashunzo. Kule juu ng'ombe walikuwa wanakula. Waliendelea kula. Mtu mmoja akapiga chafya, na mji mzima ukashtuka, ukacheka. Risasi haikulia. Ndani ya nyumba iliyo chini yetu mtoto akaita, "Mama, inaonekana! Kila kitu inaonekana!"

Jumapili duka la Katembo lilijaa hadi barabarani, ingawa sasa kila mwenye kioo alikuwa na picha kwake. Hawakuja kwa picha. Mvulana mwenye meno makubwa akapita. Wa pili akapita. "Na huyu anayefuata," mtangazaji akasema, na bega likaingia, na shingo, na uso wote, bila mraba hata mmoja. Nyusi ya kushoto ilikuwa imekatika katikati.

Dancille hakupiga kelele. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo. "Nani amemunyoa vibaya vile?" akasema. Kisha akaigusa ile nyusi kwa kidole, na Kasoki akamshika mabega.

Katikati ya vigelegele tukaona Katembo anatoka nje. Duka zima likapiga yowe: "Papa, usiguse antene!"

"Sigusi!" akajibu. "Naenda kuambia shofere. Kesho Mama anakaa mbele, kwa kabini, mupaka Goma. Si juu ya magunia."

Kasoki akawachukua wale wadogo wawili kwake. Siku chache baadaye simu yake ikalia dukani, akaiweka sauti ya nje ili wote tusikie. Tulisikia kelele za Goma, pikipiki, kisha sauti ndogo ikiuliza: "Mbuzi yetu iko?"

Mbuzi yule alikuwa ameshauzwa. Damascène, kibuyu yule, njo alisema: "Iko, mama. Inakungojea." Kisha akatoka kwenda kutafuta mbuzi.

Sasa nakurudia wewe. Baada ya Niyigena walipita watoto wengine kwenye kioo kile, na dukani hapakuwa na aliyewajua. Maana yake mama zao wako mahali ambapo antena bado imekipa kilima mgongo. Labda Kibua. Labda Hombo. Labda nyuma ya ukuta wako, chini ya turubai unalolipita kila asubuhi. Una kioo, una dekoda, una paa. Uliza leo mtambo wa kwenu umesimama kilima gani. Usipande peke yako: gonga kwa jirani, na yeye agonge kwa jirani yake. Simamisha vijiti, geuza, kisha fungua mlango na uwaite wasio na kioo wakae mbele. Jumapili haiko mbali. Weka karatasi hii chini. Panda.