Usiitikie Hodi Mvua Ikinyesha

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, fundi wa magari alilala chali chini ya pikapu uani kwake, akafungua nati, akakinga oili chafu kwa karai. Karai lilipojaa alilibeba kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa, akaenda kuimwaga oili kwenye mtaro wa maji ya mvua mbele ya nyumba.

"Baba Watoto, dumu lipo!" mkewe alimwambia kutoka dirishani.

"Dumu hujaa, mke wangu. Mtaro haujai."

Alikuwa mtu wa sala. Mawingu yalipokusanyika alivua kofia akamshukuru Mungu, maana mvua hufagia mtaro na haidai ujira. Mtaro wenyewe uliteremka mtaa mzima hadi bondeni, kwenye kisima cha mama yake mzazi. Mama huyo alishalalamika kwamba siku hizi maji ya kisima yanatoa povu kabla hajatia sabuni. Mwanawe alimjibu kwamba uzee una mambo yake.

Mvua ikanyesha, ikakatika. Fundi na mkewe walikuwa wanakunywa chai mlango ulipogongwa.

"Hodi!"

"Karibu!" aliitikia fundi bila kuinua macho. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake tangu utotoni: hodi haiachwi nje.

Yakaingia maji. Yalikuwa yamesimama wima, kimo cha mtu mzima, na oili imeyakaa mabegani kama shali. Tumboni yalikuwa na chujio kuukuu la oili, povu la jirani anayeosha gari lake barabarani, na kandambili moja. Yalijipangusa miguu kwenye zulia, jambo lililoliharibu zulia, yakaketi kwenye kochi.

"Umepotea njia," alisema fundi. "Kwako ni bondeni."

"Nimetoka huko," yalisema maji, kwa sauti ya mtu anayesukutua. "Bibi mwenye kisima ameniambia nirudi nilikotoka."

"Hajambo?" aliuliza mke.

"Anakohoa."

Fundi hakuweza kuyafukuza, kwa kuwa neno "karibu" alilitamka kwa kinywa chake. Yakapewa chai, yakachanganyika nayo. Kochi likaanza kunuka gereji. Siku ya tatu mke alikumbuka wahenga walivyosema kuhusu mgeni, akayapa jembe.

"Kulima sijui," yalisema maji. "Najua kuteremka tu."

Hata hivyo, kwa adabu, yalilipokea jembe, yakaaga, yakateremka nalo bondeni.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa na wageni. Yule jirani mwenye gari alikuta povu limelala kitandani kwake, limejifunika shuka. Wakaitisha mkutano, wakafungua kwa sala, wakapitisha kwa kauli moja kwamba mvua ikinyesha mtu asiitikie hodi. Mke wa fundi alinyoosha mkono aseme habari za dumu, lakini mkutano ulikuwa umeshafungwa kwa sala.

Dawa ikafanya kazi. Kila mvua ilipokatika maji yalipiga hodi, yakangoja, yakarudi bondeni.

Jioni moja, matone ya mwisho yakidondoka kutoka paani, ikasikika tena.

"Hodi!"

Fundi akaweka kidole mdomoni.

"Hodi, wanangu!" Kikafuata kikohozi.

"Huyo ni mama," alinong'ona mke.

"Huwezi kujua," alinong'ona fundi, ingawa yeye alijua.

"Kisima nimekifunika, hakinyweki tena," ilisema sauti ya nje. "Nilikuwa naomba ndoo moja tu. Na jembe lenu hili, nililikuta kwenye mboga zangu." Mlango ukagongwa tena. "Basi labda mmetoka. Ndoo naiacha hapa, mkirudi mniwekee."

Miguu ikajikokota kuteremka. Mke alikuwa ameshasimama, lakini fundi alimshika kanga mpaka hatua zilipoisha.

Alipofungua, alikuta jembe limeegemezwa ukutani, limejaa oili hadi kwenye mpini, na kando yake ndoo tupu iliyosuguliwa ikang'aa. Fundi hakupenda uchafu. Akaijaza ndoo maji safi ya bomba, akaosha jembe kwa sabuni mpaka likatakata, akamwaga maji yale kwenye mtaro.

Kisha akatazama juu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika tena. Akavua kofia.