Upande wa Kushoto

Ujanani, Rwekaza alipigana kama mtu anayefukuza nyani shambani: mikono yote miwili, na hakuna kurudi nyuma. Bondia wa uzito wa juu aliyemaliza kazi kabla watazamaji hawajakaa vizuri, nani Bukoba asingempenda?

Kisha akatulia. Siku hizi alitanguliza bega la kulia, akamzunguka mpinzani taratibu, na akisogelewa alimkumbatia hadi mwamuzi awatenganishe. "Amekomaa," watu walisema. Kocha wake, Muhidini, aliwaambia vijana wa mazoezi kule Kibeta, "Tazameni miguu ya mzee. Ile ni akili." Rwekaza alitabasamu huku moyo ukimuuma. Jicho lake la kushoto lilikufa katika pambano la mwaka juzi, na hakumwambia mtu. Walichokiita ujuzi kilikuwa woga wa mtu anayepapasa gizani.

Jumamosi angepanda tena ulingoni. Alhamisi alikuwa kibanjani, shamba lake la nyumbani Ijumbi, akichuma kahawa kati ya migomba, akijiambia kwamba hili ndilo pambano la mwisho. Alikwisha kujiambia hivyo mara nyingi.

"Baba Felicitas."

Alishtuka, kikapu kikamponyoka. Mkewe, Jovina, alikuwa amekaa kwenye gogo upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kumgusa.

"Umefika saa ngapi?"

"Nilikuwa hapa kabla yako. Umenipita, ukaanza kuchuma. Tangu juma lililopita nakufuata nyuma, nachuma zilizoiva unazoziacha. Zote za upande mmoja."

Rwekaza alitaka kucheka, akashindwa. Akajizungusha, bega la kulia mbele, apate kumwona mkewe. Hatua ileile waliyoishangilia mjini. Jovina akainuka, akazunguka naye, akasimama tena kushoto.

"Muhidini anajua?"

"Hajui mtu."

"Sikukatazi kwenda," Jovina alisema. "Hapa nyumbani nitasimama upande huu hadi tuzeeke. Jumamosi atasimama nani?"

Rwekaza alilia, na hata lile jicho lililokufa lilitoa machozi. Baadaye akanyoosha mkono kushoto, akapapasa tawi hadi akashika kahawa moja.

"Hii imeiva?"

"Bado," Jovina alisema, akausogeza mkono wake hadi kwenye iliyoiva.