Hajameza Hata Kidonge

Kuna watu huitwa na Mungu wakiwa usingizini, na kuna wengine huitwa na mama zao wakiwa jikoni. Daktari aliitwa jikoni. Alikuwa bado msichana wa shule ya msingi, na mdogo wake wa kiume alikuwa ameanguka tena, kifafa kimemkaza, povu mdomoni. Mama yao akapiga magoti pale pale sakafuni penye maji ya kuoshea vyombo, akaweka nadhiri: Bwana, mponye huyu, na dada yake nitakupa awatumikie wagonjwa maisha yake yote. Dada mtu hakuulizwa. Nadhiri za wazazi ndivyo zilivyo, huwekwa na mmoja zikatimizwa na mwingine.

Mtoto akapona. Kanisani wakambandika jina la Muujiza, likamganda kabisa, hata mama aliyemzaa akaacha kumwita jina lake.

Kilichosahaulika katika hadithi ile ni kijiko. Wakati mtoto anapata nafuu, Daktari ndiye aliyetumwa zahanati kuchukua vidonge vidogo vyeupe. Ndiye aliyevisaga kwa mgongo wa kijiko na kuvikoroga kwenye chai ya mdogo wake kila jioni, maana mtoto yule alikuwa akitema chochote kilichoitwa dawa. Kisha akaenda shule ya bweni. Aliporudi likizo akauliza vidonge viko wapi, mama akamjibu, "Hayo yamekwisha, mwanangu, tumshukuru Mungu." Naye akashukuru. Mtoto wa kike aliyelelewa vizuri haulizi mara mbili.

Akasoma, akawa daktari wa kawaida, akatibu watu miaka kadhaa. Hatimaye akaomba nafasi ya kusomea ubingwa wa tiba ya familia katika hospitali ya misheni. Waombaji walikuwa wengi na nafasi za kuhesabika, na jopo lilimuuliza kila mmoja swali lile lile: nani amekuita? Wenzake walijibu kwa takwimu, maskini, na walikuwa na alama nzuri kuliko zake. Yeye akasimulia jikoni, sakafu na nadhiri, akamalizia, "Na miaka yote hii, mdogo wangu hajameza hata kidonge." Mkurugenzi wa hospitali, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa mafunzo, akavua miwani akafuta macho. Mambo yakaishia hapo.

Hakusema uongo. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, kwamba hasemi uongo. Kijiko alikiacha nje tu, kama mtu anavyoacha viatu mlangoni.

Jumapili ya kumuaga, akayarudia maneno yale madhabahuni, Muujiza amesimama kando yake, kijana mrefu mwenye mikono yenye makovu ya cheche, kwa sababu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. "Hajameza hata kidonge." Kanisa zima likasimama. Mama yao peke yake, pale benchi la mbele, alibaki ameketi, ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Watu wakasema amezidiwa na furaha.

Mafunzo yakaanza. "Mgonjwa haji peke yake," Mkurugenzi aliwaambia kila asubuhi baada ya sala. "Anakuja na nyumba yake yote mgongoni. Muulize anaogopa nini, anadhani ugonjwa umetoka wapi, na nyumbani nani anajua." Daktari alikuwa kama kazaliwa kwa kazi hii. Walimpa mzee mmoja ambaye presha yake haikushuka kwa dawa yoyote. Hakumwongezea dawa, alimfuata nyumbani, akakaa jikoni, akapiga soga na mkewe huku anamsaidia kuchambua mboga, na akaona jinsi yule mama anavyolizunguka kabati moja bila kuligusa. Kumbe vidonge vyote vilikuwa humo. Mke aliona mumewe akishikwa na kizunguzungu kila anapovimeza, akaogopa atabaki mjane, akavificha ili amwokoe. Mkurugenzi alimsifu Daktari mbele ya wenzake kwamba ana pua ya kunusa siri za jikoni. Lakini mganga hajigangi, na wahenga hawakusema hivyo kwa kujifurahisha.

Hospitali nayo haikuilaza bahati yake. Picha kubwa ya ndugu hao wawili ilitundikwa mapokezi, na chini yake maandishi: Aliyeponywa na Aliyeitwa. Ni chini ya picha hiyo hiyo Muujiza alipokuja kuketi asubuhi moja, miezi michache baadaye, akapanga foleni na wagonjwa wengine, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada," alisema alipoingia chumbani.

"Marahaba. Sasa foleni ya nini, mdogo wangu? Si ungenipigia simu tu?"

"Nimekuja kama mgonjwa."

Daktari akacheka, kisha akaacha. Ubavu wa ulimi wa kijana ulikuwa umeumwa na meno, na mkononi alikuwa na jeraha la moto lililokuwa bado bichi.

"Nimeanguka," Muujiza akasema. "Mara ya kwanza nikasema ni jua. Ya pili fundi mkuu alinikuta chini karakana, nimejikojolea, mashine bado inawaka. Sikumbuki kitu, dada. Nimemdanganya kwamba sikula."

"Mama anajua?"

"Ananiangalia tu, anasali. Mama naye kabadilika siku hizi. Unakumbuka ile chai yake ya jioni, chungu kama adhabu?"

"Chai ya mama haijawahi kuwa chungu. Wewe ndiye mwenye mdomo wa kudeka."

"Basi sasa hata mimi naiona tamu. Uzeeni ndiyo kajifunza kupika chai."

Wakacheka pamoja. Ulikuwa mzaha wa nyumbani kwao wa tangu zamani, Muujiza na chai yake chungu, na Daktari alifurahi kuusikia. Aliyekinusa kidonge ndani ya kabati la mke wa mtu alikaa pale akacheka.

"Nipe zile za utotoni," kijana akasema. "Nakumbuka ulivyokuwa unanisagia. Nipe tu, nani atajua?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililoharibu kila kitu, kwa sababu Daktari alianza kulijibu. Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya wageni katika kanisa la hospitali. Wafadhili wangekuja kuamua kama watajenga kliniki mpya ya familia. Yeye angetoa ushuhuda, mdogo wake angesimama, na Mkurugenzi angemuuliza hadharani kama anatumia dawa. Akimpa vidonge leo, Jumamosi mmoja wao atasema uongo madhabahuni. Wazo lilimjia safi kabisa, limevaa kama jambo jema: tuseme ukweli kwanza, halafu nimpe dawa. Shetani hahangaiki kuwashawishi watu wa aina hii. Wanajipeleka wenyewe, wamevaa nguo za Jumapili.

"Vumilia mpaka wageni waondoke," akamwambia. "Lala mapema, usipande juu, usishike moto ukiwa peke yako."

"Kazi yangu ni moto, dada."

"Siku chache tu."

Muujiza akamtazama kidogo, akachukua kofia yake. "Sawa. Wewe ndiye daktari."

Hakumuuliza anaogopa nini. Swali hilo alikuwa akiwauliza wagonjwa wote, mpaka mlevi aliyekuja kuomba cheti cha kukosa kazini, lakini mdogo wake hakumuuliza, kwa kuwa alijua angejibiwa.

Vidonge alivinunua. Tusimnyime haki yake. Alikwenda duka la dawa la mbali, ambako hakuna muuguzi wa kumjua, na Jumamosi asubuhi pakiti ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake jeupe, tayari kwa baadaye. Ushuhuda ulikwenda vizuri kupita siku zote. Mkurugenzi akashika kipaza sauti, akamgeukia kijana.

"Tuambie wewe mwenyewe. Unatumia dawa yoyote?"

Muujiza alimtazama dada yake. Daktari akatikisa kichwa kidogo sana, kama mama anayemkataza mtoto kuomba kitu mbele ya wageni.

"Hapana," kijana akasema. "Sinywi dawa yoyote."

Makofi yakapigwa mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Mgeni mmoja alilia waziwazi. Kabla hata sala ya kufunga haijafika, Mkurugenzi alikuwa ameshatangaza kwamba kliniki itajengwa, na kwamba mkuu wake, akimaliza mafunzo, atakuwa Daktari.

Nje, Muujiza alikuwa anang'aa uso mzima.

"Umeona, dada? Nimesimama muda wote ule na mwili haukutetemeka. Labda ulikuwa uchovu tu. Labda nimepona kweli."

Mkono wa Daktari ulikuwa mfukoni, vidole viko juu ya pakiti. Wageni walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka hapo, wanawatazama wote wawili kwa mapenzi makubwa.

"Daktari," Mkurugenzi akaita, "tunakusubiri kwa picha."

"Usiondoke," Daktari akamwambia mdogo wake.

"Fundi mkuu ananipigia toka asubuhi. Kuna mnara wa tangi la maji hatujaumaliza."

"Nilikwambia usipande juu."

"Nitamwambia nini?" Muujiza akacheka, na kilikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha. "Nimepona mbele ya watu wote hawa, halafu niogope ngazi?"

Ilikuwa ni kutoa mkono mfukoni tu. Daktari alijua hivyo pale pale. Hakuhitaji kifo kumfundisha. Akasema, "Basi jioni nitapita nyumbani," akaenda kupiga picha.

Muujiza aliletwa wageni wakiwa bado mezani. Mafundi wenzake walisema alikakamaa juu ya mnara, mashine mkononi, kisha akaja chini bila hata kujishika. Alikuwa amekwisha kufa. Mkurugenzi alimshika Daktari bega, akampeleka pembeni nyuma ya mlango wa chumba cha majeruhi, akazungumza kwa ile sauti yake ya sala.

"Aliteleza. Viatu vya mafundi unavijua, havina soli. Tusiwachanganye watu, binti yangu."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Mkurugenzi akamwombea dua ndefu, kisha akarudi kwa wageni wake.

Walizika. Baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamejaa uani wakisubiri neno la familia, Daktari aliingia jikoni akamkuta mama yake anafuta vikombe vilivyokwisha kukauka. Akakaa. Kitu kilikuwa kinamchoma ubavuni tangu Jumamosi, akaingiza mkono mfukoni mwa gauni alikoihamishia ile pakiti, akaitoa, akaiweka mezani. Alitaka kukiri, ingawa hakujua aanzie wapi. Hakulazimika kuanza.

"Siku hizi wanaviweka kwenye karatasi ya kung'aa," mama akasema. "Mimi nilikuwa nafungiwa kwenye bahasha."

Daktari alikuwa hajasema ni vidonge gani.

"Mama, unavijua hivi?"

"Nitaachaje kuvijua? Nimevisaga miaka yote. Ulipokwenda bweni nikachukua kijiko chako. Kila jioni, kikombe chake peke yake."

"Uliniambia yamekwisha."

"Nilikwambia tumshukuru Mungu. Kanisa zima lilikuwa linamwita Muujiza. Ningesimama niwaambie nini, kwamba muujiza wao unachukuliwa zahanati?" Mama alikipindua kikombe, akakifuta ndani tena. "Hata yeye sikumwambia. Nilitaka alale akijua ni mzima."

Daktari alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kwa upole wa chumba cha wagonjwa, kama alivyofundishwa. "Uliacha lini?"

"Jumapili ile ya kukuaga. Umesimama madhabahuni unasema hajameza hata kidonge, na mimi bahasha iko kwenye mkoba, nimeipitia zahanati asubuhi. Nilidhani paa litaniangukia. Nilipofika nyumbani nikavimwaga chooni vyote. Nilisema Mungu aliyeanza atamaliza." Akakiweka kikombe chini. "Ningekufanya mwongo mbele za Mungu, mwanangu?"

Daktari alitaka kumchukia mama yake, na alimchukia kweli, kwa muda wa kumeza mate. Kisha chuki ikakosa pa kukaa, kwa sababu kila neno alilotafuta la kumtupia lilikuwa lake pia. Mama aliacha kutoa dawa ili maneno ya binti yawe kweli. Binti akazuia dawa ili maneno hayo hayo yabaki kweli. Wanawake wawili wacha Mungu, na kijana katikati, anaishukuru chai tamu.

"Na hivi ulivinunua lini?" mama akauliza.

"Kabla ya siku ya wageni."

Mama hakuonyesha kushangaa. Akachukua pakiti mezani, akairudisha yeye mwenyewe kwenye mfuko wa binti yake, akaupigapiga mfuko ukalala vizuri, kama alivyokuwa akimtengeneza siku za kwenda shule.

"Watu wanasubiri," akasema. "Nenda ukaseme. Usimwaibishe mdogo wako."

Uani, Mkurugenzi alikuwa safu ya mbele, miwani tayari mkononi. Kulikuwa na mafundi wa karakana, waimba kwaya, na vijana wawili watatu waliotamani nao siku moja kuitwa, wakimtazama Daktari kama wanavyoitazama picha ile ya mapokezi. Sauti ilitoka vizuri. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuizoea kazi hiyo.

"Mdogo wangu amekufa akijua ni mzima," akasema. "Mpaka anaondoka, alikuwa hamezi hata kidonge."

Hakusema uongo. Watu wakasimama wakaitikia amina, na safari hii mama yake, ambaye alikuwa amemfuata mpaka mlangoni, aliitikia pamoja nao.