Wote kwa Mkono wa Kushoto

Uliona, ukageuza shingo. Usiniambie ulikuwa unatazama simu. Ulipita mbele ya benchi letu pale kiwanda cha maboksi, ukatuona tumeinama kila mtu na karatasi yake, na ulijua tunachofanyiwa: anayetaka kazi sharti aandike ukurasa mzima kwa mkono, kisha jamaa mmoja aisome tabia yake kwenye mikia ya herufi.

Mimi sisahau. Walipotupima vifua kama ng'ombe wa mnadani, nilikuwepo. Walipouliza baba yako nani, nilikuwepo. Sasa wamekuja na hili, na wanaliita utaalamu.

Dada yangu ndiye aliyetangulia kuingia. Tunamwita Wembe, kwa sababu ya ulimi. Aliomba usimamizi wa zamu kwenye mashine ileile aliyoiendesha mpaka ikamkata vidole vya mkono wa kulia. Walimwambia akapumzike nyumbani, wakasahau kumwita tena. Ikabidi ajifunze kuandika kwa kushoto, pamoja na mwanawe wa darasa la kwanza, kwenye meza moja. Mpaka leo herufi zake zinalala kinyume kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, tukasikia na kuona kila kitu.

"Mwandiko huu unarudi nyuma," alisema yule mtaalamu, ambaye benchi lilishambandika jina la Bwana Lenzi kwa ile lenzi aliyoishika. "Huyu ni mtu wa kuficha mambo. Sishauri aajiriwe."

Wembe akaangua kicheko. "Mimi? Waulize majirani zangu kama nimewahi kuficha jambo!"

"Mwandiko haudanganyi, mama."

Akauweka mkono wa kulia juu ya ule ukurasa. "Basi uulize vidole vyangu viko wapi. Vilibaki kwenye mashine yenu pale nyuma. Hapo hujasoma tabia yangu, baba. Umesoma ya mashine."

Meneja, mama aliyeletwa baada ya ajali ile, aliutazama ule mkono. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Utaratibu ni utaratibu. Anayefuata."

Aliyefuata ni Jenereta, mpakia mizigo mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa hajaanza kuandika. Akatutazama, akahamishia kalamu kushoto.

"Jamani, leo mimi ni mashoto."

"Utaandika nini hapo, minyoo?" akamtania mama mmoja.

"Minyoo ndiyo tabia yangu. Aisome!"

Tukacheka, halafu kila mtu akatazama karatasi yake. Kila mmoja wetu alikuwa na watu nyumbani wanaosubiri jibu. Nikaichana karatasi yangu, nikaanza upya kwa kushoto. Yule mama naye akasonya, akahamisha kalamu. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa benchi.

Bwana Lenzi alisoma karatasi moja baada ya nyingine huku akijifuta jasho. Huyu mficha mambo. Na huyu. Na huyu pia.

"Kwa hiyo nifunge kiwanda?" meneja akamwuliza.

Bwana Lenzi akairudisha lenzi mfukoni. Meneja akazikusanya zile karatasi, akampa Bwana Lenzi aondoke nazo, akatoka hadi mlangoni. "Kesho wote mje kwa majaribio. Nitawaona mkiwa kazini. Nawe, dada, utasimamia."

Mtu mwingine angeshukuru. Wembe akauliza, "Kisu cha mashine kimefungwa kinga?"

"Bado."

"Basi kifungwe kwanza. Nitakuja kuiona hiyo kinga kwa macho yangu."

Asubuhi tulimkuta fundi amepiga magoti anakaza skrubu za ile kinga, na dada yangu amesimama juu ya kichwa chake: "Kaza, mwanangu, kaza, hapo bado panacheza!" Sijawahi kufurahia makelele yake kiasi kile.

Lakini Bwana Lenzi hakuacha kazi. Lenzi yake imo mfukoni, na anabisha milango mingine, labda hata mlango wa ofisini kwenu. Wewe uliyegeuza shingo, safari hii usipite. Ukipewa karatasi, hamisha kalamu. Kama huombi kazi, ingia umwambie bosi wako amfungulie Bwana Lenzi mlango wa kutokea. Usingoje kesho. Inuka sasa hivi.