Makofi ya Kirotshe

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi, Papa Athanase aliinuka kutoka kiti chake cha plastiki katika safu ya mbele, akakunja viganja kidogo kama mtu anayeteka maji, akapiga makofi. Aliyapiga polepole, bila kutabasamu. Wazee waliokuwa kando yake wakainuka wakapiga kama yeye, kisha wavuvi waliosimama ukutani, kisha wanawake, mpaka ukumbi mzima wa Kirotshe ukawa unapiga kwa mwendo mmoja huku mvua nayo ikipiga mabati. Mbele yao, karibu na kreti za fanta, Solange Katembo, aliyekuwa amemaliza kuueleza mradi wa gesi, aliinamisha kichwa kuipokea heshima ile. Kando yake karani, kijana aliyeitwa Cyusa, aliandika sentensi moja: wananchi wameukubali mradi kwa makofi.

Kétsia aliiona sentensi hiyo ikiandikwa. Ofisi ya mazingira ya mkoa ilikuwa imemtuma kama mtazamaji, na kiti chake kilikuwa nyuma ya bega la karani. Alijua kwamba kilichoandikwa hakikuwa kweli. Wazee wa vilima vile humpigia makofi mgeni aliyemaliza kusema, kabla ya kula na kunywa, na makofi hayo ni shukrani kwa ujio wake tu. Jibu la jambo kubwa halitolewi siku hiyo hiyo. Watu hurudi makwao, hulala nalo, hulizungumza na wake zao, ndipo hutuma mtu mmoja kulipeleka. Hayo kila mtoto aliyekulia Kirotshe aliyajua, na Papa Athanase, aliyeanzisha makofi, alikuwa baba yake Kétsia.

Mtazamaji hana sauti kikaoni. Kanuni zilisema hivyo, na Kétsia aliishikilia kanuni hiyo kwa nguvu. Angeweza kumgusa karani begani. Hakumgusa. Kilichompanda moyoni alikitambua barabara, maana alikuwa ameishi nacho tangu utotoni, ila safari hii kilikuja na utamu ndani yake: Solange alikuwa amekosea, na kosa lake lilikuwa limeandikwa.

Kampuni iliyomwajiri Solange ilikuwa ikiomba kibali cha kuvuna gesi iliyoyeyuka katika vilindi vya ziwa Kivu. Solange, mwanasheria wake, alikuwa ameueleza mradi vizuri mno. Kuna nchi, alisema, ambako hupasua mwamba chini ya ardhi ili kuipata gesi, na visima vya watu huharibika. Hapa gesi imelala ndani ya maji yenyewe, inangoja kupandishwa kwa bomba. Aliomba chaki akachora ubaoni ziwa, jahazi la mitambo, na bomba linalokuja pwani. Mahali bomba litakapotua alipagusia kwa sentensi moja. Ni ukanda mwembamba chini ya nyumba za walimu, ambako wanawake hulima majimbi na viazi vitamu, pamoja na ghuba ndogo ambamo wavuvi hutega sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Sheria inasema ardhi ni ya Serikali, na kilicho chini yake vilevile. Anayelima hulipwa mazao yake akaondoka. Kitu kimoja sheria inamwachia: aulizwe kwanza, aelezwe, na jibu lake liandikwe.

Shamba la tatu katika ukanda huo lilikuwa la Mama Consolée, mama yake Kétsia.

Jioni ile Mama Consolée alimenya viazi akiwa amempa mumewe mgongo. Aliongea na binti yake kana kwamba mzee hayupo.

"Papa yako ametoa shamba yangu juu ya fanta moja," alisema. "Na hata hakuimaliza."

Papa Athanase alijibu kwamba hakutoa kitu, kwamba yeye alishukuru tu, na kwamba jibu lingepelekwa baada ya misa kama inavyopaswa. Kisha akamgeukia Kétsia, na uso wake ukachangamka.

"Uliona namna Solange alichora ile bomba? Mustari iko sawa kabisa, na hana rula."

Kétsia alisema ameona.

Ukutani, juu ya kichwa cha mzee, ilining'inia picha ya darasa la sita la mwaka mmoja wa zamani. Solange, binti wa mfanyabiashara Katembo aliyekuja kutoka Butembo kufungua duka Kirotshe, alisimama katikati akiwa ameshika ubao wenye jina la shule. Kétsia alikuwa mwisho wa mstari, nusu ya bega lake imekatwa na fremu. Wote wawili walifundishwa na Papa Athanase. Mwaka mzima, kila asubuhi, ni Solange aliyeitwa mbele kuandika tarehe ubaoni, na mwaka mzima Kétsia aliketi na kidole juu. Baadaye baba yake alimweleza kwamba mwalimu hawezi kumwita binti yake mwenyewe, watu wangesema. Maelezo hayo yalikuwa ya busara. Kétsia aliyakubali kwa akili, na hayakumsaidia hata siku moja.

Alikuwa amesoma sheria Goma, akafaulu, akapata kazi. Diploma yake ilihifadhiwa sandukuni isiingie unyevu. Solange alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, Papa Athanase alimsindikiza kwa miguu mpaka mjini Sake, akarudi usiku miguu ikiwa imevimba. Tangu hapo, kila Kétsia aliporudi nyumbani, kabla hajatua mfuko wake chini, aliulizwa kama amesikia habari za Solange.

Wiki iliyofuata Kirotshe ilimtuma mtu na jibu lake. Jibu lilikuwa swali: bomba likitua kwenye ghuba, wavuvi watatega wapi, na wanawake watalima wapi? Mtu huyo aliambiwa amechelewa, kwa kuwa kikao kilikwisha kukubali. Siku chache baadaye vijana wa kampuni walishuka ukandani wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kuonyesha mipaka. Mama Consolée aling'oa viwili akasimamishia maharage.

Kétsia alipoviona vigingi hivyo shambani mwa mama yake, utamu wa ile Jumamosi ulimgeuka mdomoni. Aliandika pingamizi. Lilikuwa la ukurasa mmoja, bila neno la ukali hata moja: wananchi hawakukubali, makofi yalikuwa shukrani, kumbukumbu za kikao zifutwe na mashauriano yafanywe upya. Alipolisoma tena, alijaribu kutenganisha sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya mama yake na sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya kuona uso wa Solange siku kumbukumbu zitakapofutwa. Hakuweza. Maneno yalikuwa yale yale, na yote yalikuwa kweli.

Mkuu wake alilipokea akamwonya. Watu wa Kirotshe wakija kusema leo kwamba hawakukubali, kampuni itasema wamebadili nia. Anatakiwa aliyeanzisha makofi, aseme kwa kinywa chake yalikuwa ya nini. Bila hivyo kumbukumbu zitasimama, na shamba litakwenda.

Kwa hiyo Kétsia alirudi nyumbani akamweleza baba yake. Papa Athanase alisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi, macho yakiwa chini.

"Nitasema kweli," alijibu. "Lakini utaniuliza pale, mbele ya batu. Hapa nikikuambia, watasema umenifundisha."

Usiku ule, usingizi ulipokataa kuja, Kétsia alilipitia jibu ambalo bado halijatolewa, akalikuta halina mlango mwingine wa kutokea.

Kikao cha kusikiliza pingamizi kilikaa katika ukumbi ule ule. Safari hii hapakuwa na fanta. Alikiongoza Papa Bienvenu Ngabo, mwanasheria mtu mzima kutoka Goma, aliyeanza kwa kuweka saa yake ya mkononi mezani na kuwaomba watu wasipige makofi kwa sababu yoyote ile. Watu wakacheka. Cyusa alikuwa na kalamu tayari.

Solange alisimama kwanza. Alikuwa amevaa kitenge, si suti, na Kétsia alichukia kuona kwamba kinampendeza. Alisema yeye si mgeni hapa. Duka la baba yake liko pale barabarani, na waliomo ukumbini wamenunua chumvi kwake. Mradi aliueleza kwa Kiswahili, maswali yaliruhusiwa, hakuna aliyeuliza, kisha ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi. Karani angeandika nini kingine? Halafu akamgeukia Kétsia, na sauti yake ikashuka kutoka ofisini hadi mtaani.

"Na wewe, dada, ulikuwa umekaa nyuma ya karani. Uliona anaandika. Juu ya nini hukusema?"

"Mtazamaji hana sauti."

"Kumbe leo umeipata."

Wavuvi wawili walicheka. Papa Bienvenu aligonga meza kwa kidole, akamwita shahidi.

Papa Athanase alikuja mbele akiwa amevaa koti lake la Pasaka. Alikataa kiti. Kétsia alisimama hatua chache kutoka kwake, na kwa mara ya kwanza maishani akawa yeye ndiye anayeuliza na baba yake ndiye anayejibu. Alikuwa ameandaa swali dogo, jembamba kama sindano, lisilopitisha kitu kingine chochote. Alimuuliza kama makofi yale yalimaanisha ndiyo.

"Hapana," alisema mzee.

Kétsia alitaka kukaa. Papa Bienvenu alimzuia kwa mkono. Alisema kwamba leo kila mtu anaweza kusema hapana, ni neno rahisi. Yeye anataka kujua siku ile makofi yalikuwa ya nini. Kama mleta pingamizi hana swali hilo, basi kikao hakina msingi wa kufuta chochote.

Mama Consolée alikuwa kwenye safu ya pili, mikono mapajani, udongo bado uko kwenye kucha. Kétsia alimtazama yeye, kwa sababu hakuweza kumtazama baba yake.

"Papa," alisema, "ulipiga makofi juu ya nini?"

Mzee hakusema na Papa Bienvenu wala na binti yake. Alisema na Solange.

"Nilifundisha miaka mingi. Batoto banaenda, habarudi. Huyu alienda mbali kupita bote, na akarudi. Akasimama mbele yetu na chaki mu mukono, kama vile alikuwa anasimama zamani, akiandika tarehe. Roho yangu ikajaa. Nikamupigia makofi kama vile papa anapigia mutoto wake. Ile bomba sikukuwa nayo mu kichwa. Ya bomba, tungelala nayo kwanza."

Kétsia alikuwa amekwisha kuyasikia maneno hayo kitandani kwake, karibu yote, ila hakuwa amefikiria kwamba yangesemwa kwa upole namna ile. Alitazama ubao uliokuwa nyuma ya mzee. Ulikuwa umefutwa vibaya, na alama ya bomba lile la chaki bado ilionekana, imenyooka.

Papa Bienvenu alimuuliza Solange kama ana swali kwa shahidi. Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kumbana mzee kwamba moyo uliojaa nao ni namna ya kukubali. Solange alifungua faili, akaifunga. Macho yake yalikuwa yamelowa, na Kétsia, aliyekuwa ameusubiri uso huo kwa majuma, aliuona na hakupata kutoka kwake kile alichokuwa akikitegemea.

"Sina swali," alisema Solange.

Shahidi aliruhusiwa kutoka. Papa Athanase alikwenda barazani akasimama akitazama ziwa, na Mama Consolée akamfuata. Kupitia mlango uliokuwa wazi ilionekana migongo yao miwili, na baada ya muda mkono wa mama ulipanda ukakung'uta kitu kwenye koti la mzee.

Papa Bienvenu hakuchukua muda mrefu. Alisema sheria inataka jibu la watu, na shukrani kwa mtu si jibu juu ya ardhi. Kumbukumbu za kikao cha kwanza zimefutwa. Mashauriano yatafanywa upya, na wananchi watapewa nafasi ya kwenda kulala na neno kabla ya kujibu. Mpaka hapo vigingi vyote ving'olewe. Mvuvi mmoja alinyanyua mikono kutaka kupiga makofi, akakumbuka, akaificha kwapani.

Kilichobaki kilikuwa kusoma ushahidi ili mleta pingamizi authibitishe na kutia sahihi. Cyusa alisoma kwa sauti isiyo na hisia yoyote, na alipofika mahali pale akasoma kwamba shahidi alipiga makofi kama baba anavyompigia mtoto wake.

"Ngoja," alisema Papa Bienvenu. "Mtoto yupi? Shahidi ana binti yake humu ndani, ndiye mleta pingamizi. Mtu akisoma hii kesho atachanganyikiwa. Tia jina."

Cyusa aliinua kalamu akatazama mlangoni, kuelekea barazani, kisha akamtazama Kétsia. Ushahidi ulikuwa wa upande wake. Yeye ndiye aliyepaswa kuusahihisha. Upande wa pili wa meza Solange alikuwa anakusanya karatasi zake, na mikono yake ilisimama.

"Solange," alisema Kétsia. "Andika Solange Katembo."

Cyusa akaandika.