Kichwa Changu, Miguu Yake

Haya wajukuu, tegueni: kichwa ni changu, miguu ni ya mwenzangu, na tukitengana hakuna anayekula. Mmeshindwa? Cherehani!

Mwaka wa sabini na nne, enzi za utawala wa wanajeshi, hapa mtaani Kisenyi, mimi nilinunua kichwa cha cherehani, Cleopas, fundi mwenzangu, akanunua meza na miguu yake. Tulikubaliana hakuna atakayeihamisha bila mwenzake. Basi mtu yule si akaibeba yote, akaipeleka kambi ya jeshi kushona sare za askari! Wanangu wale nini? Nikamshtaki.

Kortini Cleopas alikuja na sajini wa kambi ile, aliyeketi mbele kama bwana harusi, bunduki mapajani. Naye akaapa kwamba hatukukubaliana lolote, wala mdomo haukumtetemeka! Shahidi alikuwa mmoja tu: Teresa, mkewe mwenyewe, aliyetupikia chai siku tulipokubaliana.

Hakimu akamwuliza, "Mama, walikubaliana nini?"

Teresa akamtazama sajini, kisha sakafu. Hata hakimu akajifuta jasho.

Nikashindwa kuvumilia. "Teresa! Nguo ya ubatizo ya mwanao nilikushonea kwa cherehani gani?"

"We mama, nyamaza!" sajini akafoka.

Teresa akainua uso. "Walikubaliana isihamishwe ila kwa ridhaa ya wote wawili," akasema. "Mume wangu kaihamisha peke yake."