Picha Tumboni mwa Kamera

…na asifungue kamera kwanza, aiache picha iive, kwani inamkimbiza nani, Nurbanu, shoga yake aliyemwachia kamera hii, alikuwa akitazama saa ya mkononi lakini yeye Munira saa yake ni sura ya Qulhuwallahu, anaisoma kimoyomoyo mara tatu ndipo anafungua kimlango cha nyuma na kuibandua picha, ila leo ameshaisoma, ameirudia, na kamera bado iko mapajani imefumba mdomo, nzito, ina joto kama kuku anayeatamia, na wanawake wamejaa chumba kizima, udi umetanda mpaka ukutani hapaonekani, mwanga unapenya kwenye pazia la kijani na kila mtu amekuwa wa kijani, hata wifi yake, Bi Mwamvita, dada wa mumewe, anayesema, "Wifi we, fungua basi tuone, au umelala?" na yeye hajalala, yupo, anaelea tu, sauti zinamfikia kutoka mbali kama yuko ndani ya mtungi… maana hii ndiyo ya mwisho, tena ya mwisho kabisa, filamu za kamera hii hazitengenezwi tena, Mufaddal, kaka yake Nurbanu, kazunguka Dubai nzima akapata roli moja tu, kuukuu, imepitwa na tarehe, na kila aliyoijaribu imetoka nyeupe pee, ikabaki hii moja aliyomwekea mwanawe Raudha, na kama nayo ni nyeupe basi, mtoto ataondoka na yeye hatabakiwa na sura yake… hizo kamera nyingine ziko juu ya kabati, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, ile ya plastiki inayotema picha yenyewe kwa mbele, ile iliyovunjika kioo aliyoiokoa mnadani, watu wanamcheka, Munira na makamera yake mabovu, siku hizi nchi imefunguliwa, kila kitu kipo, Kariakoo unapeleka filamu asubuhi jioni unachukua picha za rangi, na vijana wa video nao wamezagaa na mataa yao, haya, sawa, lakini nani atamwingiza kijana wa video chumbani kwa mwari, na nani atampa fundi wa studio negativu za bibi harusi kichwa wazi, hina mpaka viwikoni, mwanamume huyo akae nazo gizani huko azitazame anavyotaka? Ndiyo maana wanamwita yeye, Tandale hii mpaka Magomeni, picha ya Munira haipiti mkononi mwa mwanamume, inaiva humohumo chumbani, inapakwa dawa yake inayonuka siki, inaingia sandukuni mwa mama mtu, kwisha.

Na leo mama mtu ni yeye… leo mwari ni wake, kakaa pale kitandani kwenye shuka la hariri, kanga ya kisutu mabegani, asumini shingoni, nikaha ni baada ya alasiri, na wiki haiishi atapanda ndege na Anwar kwenda Maskati, Anwar mtoto mzuri, mtoto wa binamu wa Shomari mumewe, ana kazi, ana dini, nani angekataa, mtaa mzima umemwonea gere, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema ndiyo kabla Shomari hajamaliza kueleza, alisema alhamdulillahi, alipiga kigelegele jikoni peke yake… lakini yale macho. Bibi harusi huangalia chini, ndivyo ilivyo, ndiyo haya yenyewe, na yeye kila mwari humwambia, chini, mwanangu, chini, tazama vidole vyako, na leo kamwambia Raudha vilevile, na Raudha kainamisha kope, kamera ikatulia, kidole kikawa juu ya kitufe, ndipo mtoto akainua macho, akayaleta moja kwa moja kwenye kioo, hayakuwa na machozi, machozi angeyaelewa, kila mwari hulia, yalikuwa makavu kabisa, yanatafuta mtu, na yeye alipaswa kusubiri, filamu ni moja, lakini kidole kilibonyeza chenyewe, ka, basi. "Kaharibu huyu mtoto!" akacheka mmoja, "kakodoa macho kama anapigiwa picha ya pasipoti!" na wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao, jamani, alicheka… aliyaona wapi yale macho? Kwa mwari gani? Kwa nani, na wote aliwainamisha?

Ah.

Ni yake mwenyewe. Ile picha aliyoipiga Nurbanu, kamera hiihii, Nurbanu msichana mwembamba wa Kibohora, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeazima kamera ya baba yake kwa siri ili ampige picha shoga yake siku ya harusi, "Munira, wewe tazama chini, dada, chini," na Munira akainua macho, na picha ilipobanduliwa akina mama wakasema mwari hana haya huyu, mama yake akaificha chini ya godoro, naye mwenyewe miaka yote amesema alishtuliwa na mlio, uongo huo, hakushtuka, alikuwa anaita. Alikuwa anamwita yeyote yule, jamani hebu mmoja wenu aniulize, fomu ya chuo cha uuguzi iko kwenye kanga kule nyuma ya mlango, nimepata nafasi, hebu mtu aniulize… na hawakumuuliza, hadi mjomba alipokuja mlangoni na mashahidi, akiwa upande wa pili wa pazia, akisema, Munira, umeridhia? mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na koo likawa limekauka, ulimi mzito kama umefungwa jiwe, na shangazi yake akaitika kwa sauti ya furaha, "Kanyamaza! Mwari kunyamaza ndiyo kuridhia!" vigelegele vikapaa, na ndivyo alivyoolewa, kwa kukosa mate mdomoni… na Shomari hakuwa mbaya, hapana, hajamnyanyulia mkono hata siku moja, amempenda hata, amezoea, kwa Shomari amempata huyu Raudha, sasa atasema nini? Majuto? Hapana, si majuto… lakini juzi walipokuwa wakichagua mchele uani, Raudha, sinia mapajani, bila kuinua kichwa, "Mama, mtu akishafika kule, akitaka kurudi, anarudije?" na yeye akamjibu, kwani unakwenda jela, mwanangu? akampiga kibao cha bega cha utani, na mtoto akatabasamu, akaendelea kuchagua mchele, mawe huku, mchele huku. Alikuwa anaita. Mtoto alikuwa anaita, Munira, nawe ukampiga kibao cha bega.

"Hodi humo!" Shomari huyo, anakohoa barazani kikohozi chake cha kanzu mpya, "jiandaeni, tunakuja na mashahidi kumuuliza mwari," na chumba kizima kinachemka, kanga zinavutwa, mtu anamfunika Raudha kichwa, mwingine anakohoa tayari, analainisha koo, huyo ndiye atakayeitika kanyamaza, daima yuko mmoja, na Bi Mwamvita anamwinamia masikioni, "Wifi, fungua hiyo picha haraka, wanaume wanaingia," na kamera mapajani imeshapoa, yawezekana ni nyeupe, yawezekana yamo macho mle ndani yakimngoja gizani, na yeye anashangaa kwamba hana haraka tena ya kujua, anaiweka kitandani, kimlango kimefungwa vilevile, anainuka, udi unamzunguka.

"Haijaiva," anasema.

"Haijaiva? Tangu saa ile?"

"Haijaiva, wifi. Mwambie kaka yako asubiri hapohapo barazani. Na nyie nyote nitokeeni, nina neno na mwanangu."

"Munira, una wazimu? Mashahidi wako mlangoni!"

"Wakae. Wapeni kahawa."

Na wanawake wakishatoka anakaa kitandani mbele ya mwanawe, anaifunua ile kanga kichwani, Raudha kope zimeinama, anatazama vidole vyake kama alivyofundishwa, na Munira anamshika kidevu, mkono wenye harufu ya siki.

"Nitazame, mwanangu."